Maua ya Kitulo Hayangoji Mtu

Katika vitabu vya Ulaya hapana majira yanayosifiwa kama yale yafuatayo baridi kali, wakati theluji inapoyeyuka na miti iliyokuwa mitupu kama fimbo inapovaa majani tena. Watafsiri wetu wamehangaika sana na jina lake. Wengine huandika "majira ya kuchipua", wengine "machipuko", na wako walioandika "masika" tu, jambo linalomchekesha mtu wa pwani, maana kwake masika ni mvua kubwa, matope, na paa linalovuja. Wazee wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo, mvua na baridi: kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani. Ni majina mazuri ya mabaharia na wakulima, lakini hakuna hata moja linalotaja ua.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba nchi yetu haina majira ya kufufuka. Inayo, ila hayafuati theluji, hufuata mvua. Yaonekana mahali pengi, lakini leo nataka kuwapeleka mahali pamoja tu, juu kabisa katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, panapoitwa Kitulo. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wamepapa jina lao, wakasema ni Serengeti ya maua. Mimi nalipenda zaidi lile la wenyeji. Serengeti yajulikana kwa wanyama wengi wanaokimbia. Kitulo kinachokimbia ni ukungu tu.

Kitulo ni uwanda wa majani ulio juu kiasi cha mita 2600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Sehemu yake moja iko katika Mkoa wa Njombe, wilaya ya Makete, na sehemu nyingine iko Mkoa wa Mbeya. Udongo wake umetokana na volkano za zamani, na mlima Rungwe, mmoja wa volkano hizo, waonekana kwa upande wa magharibi siku ukungu unapokubali. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa, eneo la karibu kilomita za mraba 413, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Lifikirini jambo hilo. Si kwa ajili ya tembo, wala si kwa ajili ya simba. Serikali iliweka askari walinde majani!

Wamehesabu humo aina 350 hivi za mimea, na kati yake okidi za ardhini aina 45. Okidi ni yale maua ambayo mijini huuzwa katika vyungu kwa bei ya kutisha, na watu huyamwagilia maji kwa kijiko. Huku juu humea zenyewe katikati ya majani ya kawaida, hazina mtunza bustani, na ng'ombe aliyepotea hupita juu yake bila kuomba radhi.

Njia ya kufika ni mbili. Ukitoka Mbeya waweza kufuata barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, kisha ukapinda kushoto kupanda milimani. Au utafuata barabara kuu ya kwenda Iringa mpaka Chimala, na hapo uache tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga, upande kusini kwenda Matamba. Njia hii ya pili huitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Mimi nilijaribu kuzihesabu nikapotea zilipofika ishirini na kitu, kwa sababu abiria wenzangu walikuwa wakizihesabu kwa sauti na kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Chini kule Chimala tulikuwa tumefungua vifungo vya shati kwa joto. Kona chache baadaye mama mmoja alitoa kitenge cha pili akajifunika. Zilipoisha kona zote kila mtu alikuwa amevaa alichonacho, na pembeni mwa njia hapakuwa na mpunga tena bali viazi mviringo, vimesindikwa katika magunia ya lumbesa yaliyosimama kama wazee kwenye baraza.

Swali la kwanza la mgeni ni hili: niende lini? Hapa ndipo Kitulo inapowashinda watu wa mijini. Msafiri wa kawaida hupanga safari yake wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu na mbingu ni safi. Akienda Kitulo kwa hesabu hiyo atakuta majani ya rangi ya kahawia na upepo. Mwezi wa Juni, wa Julai na wa Agosti baridi ni kali sana. Alfajiri sakitu hutanda juu ya majani, nyeupe kama unga, na ukiikanyaga hulia chini ya kiatu. Baadaye hufuata ukavu, na mara nyingi moto hupita. Anayeutazama uwanda baada ya moto atasema kwamba nchi hii imekufa.

Kumbe haikufa. Mimea ya Kitulo mingi haiweki tumaini lake juu ya ardhi. Huweka chakula chake chini, katika viazi, vitunguu na mizizi minene, mahali ambapo sakitu haifiki na moto hupita juu kwa juu. Hukaa humo kimya, miezi mitano au sita. Mvua za kwanza zikinyesha, kwa kawaida mwezi wa Novemba, kila kitu huanza kwa haraka ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu asiyeiona. Majani hutoboa masizi. Vichipukizi vyenye ncha nyekundu hutokea mahali ambapo jana palikuwa pamekauka kabisa. Kutoka Novemba mpaka Aprili maua hufuatana, na kilele chake ni katikati ya kipindi hicho, wakati mvua ni nyingi na barabara ni mbaya.

Nasema hufuatana, maana hilo ndilo jambo lenyewe. Mtu asidhani kwamba maua ya Kitulo hufunguka yote kwa pamoja, yakakaa miezi sita kama zulia sebuleni. Kila aina ina juma lake. Leo bonde hili ni la manjano. Baada ya siku kumi manjano imekwisha na zambarau imeshika nafasi yake, na pale palipokuwa na zambarau pamebaki vibuyu vidogo vya mbegu. Aliyekuja Krismasi na aliyekuja Pasaka, wakikutana Mbeya na kusimuliana walichokiona, wanaweza kubishana kama watu waliotembelea nchi mbili.

Mzee aliyenitembeza alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akanitazama viatu kwanza kabla ya uso, akaridhika. Tulitembea kiasi cha nusu saa, mimi nikitazama mbele kwa shauku, nikingojea yale maua niliyoyasikia sifa zake. Niliona majani mabichi na milima. Mzee akasimama.

"Kijana wangu," alisema, "wewe unatafuta nini huko mbele?"

"Maua, mzee wangu."

"Umekwisha kuyakanyaga mengi. Tazama miguuni."

Nilitazama. Kwa kweli sikuwa na mahali pa kuweka mguu. Kulikuwa na vijiua vya buluu visivyozidi ukubwa wa kifungo, na vingine vyeupe vyenye mistari, na okidi moja ya rangi ya waridi, shina lake urefu wa kiganja tu, imesimama wima kama askari mdogo. Mzee alichutama, nami nikachutama. Alinionyesha kwamba ua moja la okidi ile lina kofia, na nyuma ya kofia mna vimikia viwili vyembamba. Wataalamu huita jamii hiyo Satyrium, na vimikia hivyo viwili ndivyo alama yake. Ndani ya vimikia kuna asali, na mdudu anayeitaka hana budi kupitia mlango mmoja tu, na akipita hubandikwa chavua atakayoichukua mpaka ua jingine. Nyingine, jamii ya Habenaria, maua yake mengi ni meupe au ya kijani, mchana hata huyajali. Lakini jioni baadhi yake hutoa harufu tamu, kwa maana wageni wake ni nondo wa usiku. Maua marefu yenye vichwa vya rangi ya moto, yaliyosimama kama mienge kwenye mabonde yenye maji, hayo ni ya ndege chozi, ambaye hutua juu ya shina na kuingiza mdomo wake uliopinda katika kila kijimrija, kimoja baada ya kimoja, haruki hata kimoja.

Tulikaa mahali pale pengine robo tatu za saa, na eneo tulilolitazama halikuzidi mkeka. Sijawahi kuona saa ikipita namna ile. Kuna watu siku hizi wanaolipa fedha nyingi ili wafundishwe kutulia, kuvuta pumzi na kuwa mahali walipo. Sitawacheka, maana dunia imekuwa na kelele nyingi, na simu mfukoni haimpi mtu nafasi ya kumaliza wazo moja. Lakini naona kwamba Kitulo hufundisha somo hilo hilo bila mwalimu, kwa njia rahisi sana: ukisimama wima huoni kitu. Lazima uiname. Na mtu aliyeinama hawezi kwenda kwa haraka.

Hali ya hewa nayo husaidia kazi hiyo. Asubuhi jua huwaka na waweza kuona milima ya mbali. Saa sita mawingu hukusanyika. Saa nane ukungu hupanda kutoka mabondeni, na kwa dakika chache milima yote hufutika. Hubaki wewe na hatua kumi za majani kila upande. Anayesema "nitalipiga picha lile ua nikirudi" hatalikuta. Si kwamba limekwenda, bali yeye hatajua tena liko wapi. Siku ile tulikuwa na kijana mmoja wa chuo ambaye alipiga picha mia mbili na zaidi. Jioni Matamba tulimwuliza kama kuna ua lo lote lililokuwa na harufu. Alifungua simu akaanza kutafuta.

Wako waliopita hapa wasiione kabisa bustani hii katika uzuri wake. Mwaka 1877 Mwingereza James Frederic Elton, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake huko Msumbiji, alipita katika milima hii akitoka Ziwa Nyasa, akielekea pwani. Wachora ramani wakaupa uwanda jina lake, ukaitwa uwanda wa Elton kwa miaka mingi. Lakini mwenyewe hakufika pwani. Homa ilimwua Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule, wakati huku juu maua yalipokuwa yakifunguka katika nchi iliyopewa jina lake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, maana kusifu maua peke yake ni kazi rahisi.

Nimesema kwamba mimea hii huficha uhai wake chini. Ukichimba kwa uangalifu chini ya okidi za jamii hizi utakuta viazi viwili vidogo, vimekaa ubavu kwa ubavu. Kimoja ni laini, kimenywea, rangi yake imeingia weusi. Hicho ndicho kilicholisha ua ulionalo sasa; kimetoa vyote kilivyokuwa navyo na kazi yake imekwisha. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho kinaundwa wakati ule ule ambapo ua liko wazi, kwa chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani, nacho ndicho ua la mwaka ujao. Mwaka baada ya mwaka mambo huenda hivyo: cha zamani hunywea, kipya hujaa.

Mchimbaji hutaka kile kigumu.

Kule Zambia, hasa kwa Wabemba, kuna chakula kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vishikane. Kikipoa hukatwa vipande kama mkate. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, cha msimu, na kila familia ilichimba kidogo karibu na nyumbani. Kisha miji ikakua, chikanda ikapendwa masokoni na hata mezani kwa watu wakubwa, na okidi za Zambia zenyewe zikapungua. Wafanyabiashara wakavuka mipaka kutafuta nyingine. Njia ya kutoka Makete na Mbeya kwenda Tunduma si ndefu. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivushwa kwa mwaka kutoka Nyanda za Juu za Kusini vilihesabiwa kwa mamilioni. Kiazi kimoja ni mmea mmoja. Khofu ya biashara hiyo ni moja ya sababu zilizofanya Kitulo iwekwe chini ya hifadhi, na leo kuchimba ndani ya mipaka yake ni kosa la jinai.

Huenda msomaji atauliza: je, hazioti nyingine kwa mbegu? Zaota, lakini kwa shida. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo punje ya hindi au haragwe. Kibuyu kimoja hutoa maelfu, upepo huzitawanya, na karibu zote hupotea. Ile inayobahatika lazima idondoke mahali ambapo udongoni mna kuvu ya namna inayoifaa, iilishe mpaka itoe jani lake la kwanza, na baada ya hapo hupita miaka kabla ua la kwanza halijaonekana. Jembe hufanya kazi kwa dakika moja.

Nilizungumza habari hiyo na mama mmoja muuza viazi mviringo hapo Matamba. Nilimwamkia, nikanunua, tukaongea. Alikuwa mcheshi, na hakuona haya kuniambia kwamba zamani, kabla ya hifadhi, alichimba chikanda kama watu wengine.

"Wewe umekuja, umeona ua," aliniambia. "Mimi, mwanangu, Januari ikifika naona madaftari. Naona sare. Viazi mviringo bado viko shambani, havijakomaa, na mtoto anatakiwa shule Jumatatu. Huyo ua atamvalisha?"

Nilimwuliza kwa nini aliacha. Nilitazamia aseme kwamba aliwaogopa askari.

"Mwanzoni tulichimba nyuma ya nyumba," alisema. "Baadaye mtoni. Baadaye kilima cha pili. Mwisho tulikuwa tunatoka usiku na kurudi usiku, debe halijai. Nikasema, miguu yangu ina thamani kuliko hii. Nikaongeza viazi mviringo na pareto."

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi. Sisi tunaopenda kuwaambia wenzetu waache kujisumbukia ya kesho na wayatazame maua ya kondeni, hatuna budi kukumbuka kwamba mama yule hakuwa na shida ya kusahau leo. Leo yake ilikuwa imemkaba kooni. Yeye aliishi kwa siku ile moja kuliko mtu ye yote anayelipa ada ya kufundishwa kutulia. Na kwa kuishi hivyo, bila kuwa na njia nyingine, yeye na wenzake walikula Desemba ijayo. Kwa hiyo mimi siamini kwamba kuishi kwa leo ni jambo zuri daima. Kuna leo ya namna mbili. Iko ile ya mtu aliyechutama mbele ya ua, akatosheka kuliona, akaondoka akiliacha mahali pake. Na iko ile ya mtu ambaye leo imemgeukia, hawezi kuiacha bila kuchukua kitu. Ya kwanza ni rahisi zaidi kwa mwenye nauli ya kurudi.

Wala siwezi kumsifu mlinzi anayemkamata mchimbaji kisha akafikiri kazi imekwisha. Nilichokiona chenye matumaini ni viazi vile mviringo, na matofaa, na ng'ombe wa maziwa. Uwanda huu tangu zamani una shamba kubwa la mifugo la serikali, na baridi ya Makete huwafaa sana ng'ombe wale wakubwa wenye mabaka meusi na meupe. Familia yenye ng'ombe mmoja wa maziwa huwa na Januari ya namna nyingine.

Tena maua hayakai peke yake. Majani na udongo wa Kitulo hunywa mvua za miezi hiyo kama sponji, kisha huzitoa kidogo kidogo. Vijito vingine hushuka kusini kwenda Ziwa Nyasa. Vingine hushuka kaskazini mpaka Usangu, kwenye ule mpunga tuliouona tukiwa bado na joto, na kuingia katika mto Ruaha Mkuu, unaokwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kabisa katika sehemu zake kwa majuma kadhaa ya kiangazi, hasa kwa sababu ya maji mengi yanayochukuliwa mashambani huko Usangu. Mtu aliyeko Dar es Salaam anayewasha taa jioni hana haja ya kujua jina la okidi hata moja. Lakini maji ya vijito vile yana mkono wake katika taa ile.

Kuna na misitu katika mabonde ya Livingstone, ambako anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua. Wataalamu walikutana naye mwaka 2003, na mwaka 2006 wakakubaliana kumpa jamii yake mwenyewe, jambo la nadra sana kwa mnyama wa namna hiyo katika siku hizi. Mimi sikumwona, wala sikumtafuta.

Nilichokiona ni mbayuwayu. Si yule wa kawaida wa kwenye mapaa ya nyumba. Huyu ni wa buluu iliyokoza, anayeng'aa kama hariri jua likimpiga, na mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Huja kuzaa katika majani ya Kitulo wakati huu wa mvua, na kiota chake hukiweka chini ya ardhi, katika mashimo, mara nyingi yale yaliyochimbwa na mhanga. Mwezi wa Aprili mvua zikipungua huondoka kwenda kaskazini, Uganda na magharibi ya Kenya, kando kando ya Ziwa Victoria. Ni ndege waliobaki wachache sana duniani, kwa sababu nyika za juu kama hizi zimelimwa au zimepandwa miti karibu kila mahali. Tuliwaona watatu wakipita chini chini juu ya majani, wakikamata wadudu, wakati ukungu ulipokuwa umeanza kupanda. Mzee alivua kofia. Sikujua kama ni kwa ajili yao au kwa sababu ya jasho, na sikumwuliza.

Kwa wasomaji watakaopenda kwenda: chukueni koti zito, viatu vya mpira na mwavuli mmoja imara, maana miavuli dhaifu upepo wa kule huigeuza ndani nje. Nyumba za wageni ziko Matamba, si za fahari, lakini blanketi ni mbili na uji wa asubuhi ni wa moto. Tokeni mapema ili mfike uwandani kabla ya saa tatu, na mtembee na mwenyeji. Msichume wala msichimbe. Mkiwa na watoto, hao watawaongoza vizuri kuliko nyinyi, kwa sababu macho yao yako karibu na ardhi. Na jioni kabla ya kulala waulizeni wenyeji ni ua gani lililofunguka juma hili na liko bonde gani. Watawaambia. Mkiahirisha mpaka juma lijalo, watawatajia jingine.